Waliobaki Nyuma ya Goli

Nilipoanza kufundisha watoto mpira pale Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi ya kocha ilikuwa kuchagua. Mzee aliyenipokea kama msaidizi wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, aliwapanga watoto wa Biryogo na Rwezamenyo kwenye ukingo wa uwanja, akapita mbele yao polepole akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mrefu. Walioteuliwa waliingia kucheza. Waliobaki walikaa nyuma ya goli, wakiokota mpira kila ulipotoka, mpaka adhana ya magharibi ilipotutawanya wote. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mpira ulikuwa mmoja, uwanja mmoja, na watoto walikuwa wengi mno.

Tangu wakati ule sijaacha kufundisha. Watu wakiniuliza ni nini kilichobadilika katika mpira wa watoto hapa Kigali, hutarajia nianze na nyasi bandia na jezi. Mimi huanza na wale wa nyuma ya goli, kwa sababu hao ndio wanaokuonyesha kila zama ilikuwaje.

Msomaji wa mbali ni vizuri aujue wakati wenyewe. Mji ulikuwa bado unazika watu wake waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wazazi wengi walisita kumkabidhi mtoto wa kiume kwa mtu mwenye filimbi, na walikuwa na sababu. Mnamo Oktoba 1993, katika uwanja uleule wa Nyamirambo tuliokuwa tukiupita kila siku, mwanasiasa Froduald Karamira alisimama mbele ya umati akahubiri itikadi ya chuki ya Hutu Power. Interahamwe wenyewe, wanamgambo wa mauaji yale, kwa sehemu walichipuka kutoka katika vilabu vya mpira vya vijana wa Kigali. Kundi la vijana wenye jezi moja, wimbo mmoja na mkubwa wa kuwaamrisha: mzazi aliyenusurika alijua vizuri hayo yaliishia wapi.

Lakini mpira huohuo ulikuwa na ushahidi wa kinyume. Eric Murangwa, kipa wa Rayon Sports, alipona mwaka 1994 kwa kuwa wachezaji wenzake walimficha. Na kule Remera, Stade Amahoro ilihifadhi maelfu ya watu chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Mwalimu alikwenda nyumba kwa nyumba na habari ya Murangwa. Hakuhubiri, hakutoa ahadi. "Mama, timu yake ndiyo iliyomficha," alisema, kisha akanyamaza akisubiri jibu. Mpaka leo sijasikia hoja nzito kuliko hiyo ya kumfunza mtoto mchezo wa timu, na ndiyo iliyonibakiza katika kazi hii wakati haikuwa na hata nauli.

Mipira yetu tuliitengeneza wenyewe. Watoto walikunja mifuko ya nailoni ikawa duara, wakaifunga kwa kamba za migomba. Sheria ya mwaka 2008 ilipopiga marufuku mifuko hiyo nchini Rwanda, mitaro ya Nyamirambo ikasafika, na mafundi wetu wadogo wakarudia majani makavu ya migomba na matambara. Mpira wa majani haudundi, na ukinyeshewa unakuwa mzito kama mzigo. Ndiyo maana watoto wa miaka ile walikuwa hodari wa chenga za chini, lakini mpira wa juu uliwatoroka kifuani. Hawakukosa kipaji; hawakuwahi kuwa na kitu kinachodunda.

Hapo katikati palikuwa na Jimmy Gatete. Bao lake dhidi ya Ghana, Julai 2003, liliipeleka Amavubi, timu yetu ya taifa, kwenye Kombe la Afrika la 2004 nchini Tunisia, mara ya kwanza katika historia yetu. Kesho yake kila mtoto alikuwa Gatete. Furaha ile ilikuwa ya kweli, nami niliishiriki kwa moyo wote, ila ilileta homa. Mashindano ya mitaa yakazaliwa kila kona, zawadi ikiwa mbuzi au jozi ya jezi, na makocha wakataka kushinda tu. Njia fupi ya kushinda mashindano ya watoto ni kutafuta wasio watoto. Niliona timu moja ikiingiza uwanjani, kwa michuano ya chini ya miaka 15, kijana aliyekuwa amenyoa ndevu asubuhi hiyo. Alifunga mabao, mbuzi akachukuliwa, wazee wakapiga makofi. Nyuma ya goli alikaa mwenye umri halisi, jezi ikimfika magotini, akiwa ameletwa ili cheti chake cha kuzaliwa kitumike.

Hilo lilinikera kuliko jambo lolote katika kazi hii, na bado linanikera. Kocha anayedanganya umri anamwibia mtoto miaka ambayo haitarudi: ile ya kati ya 8 na 12, ambapo mguu hujifunza upesi. Kwa bahati, ulimwengu ulianza kubana. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009. Sisi wenyewe tulipata somo chungu mwaka 2014, CAF ilipoiondoa Rwanda katika mbio za kufuzu Kombe la Afrika kwa sababu ya mchezaji mwenye majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa. Baada ya hapo, hata katika mashindano ya mbuzi, watu walianza kuulizana karatasi.

Lakini kabla ya aibu hiyo ilikuja Januari 2011. Rwanda ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika la chini ya miaka 17, na vijana wa Mfaransa Richard Tardy, nahodha wao akiwa Emery Bayisenge, walifika fainali. Burkina Faso walitufunga 2-1. Hakuna aliyelia kwa muda mrefu, maana tiketi ya Kombe la Dunia la umri huo nchini Mexico ilikuwa imeshapatikana. Huko walifungwa na Uingereza na Uruguay, wakatoka sare na Kanada bila bao. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya taifa ya Rwanda, ya umri wowote, iliyofika fainali za Kombe la Dunia la kandanda.

Mashindano yale yaliwaonyesha wazazi kwamba mpira wa watoto ni kazi yenye elimu yake. Kozi za makocha zikawa na wanafunzi, nami nikawa mmoja wao. Tulifundishwa jambo ambalo sasa linaonekana wazi: mtoto wa miaka minane ukimweka kwenye uwanja wa watu wazima, jioni nzima atakimbiza vumbi na kugusa mpira mara chache tu. Gawa uwanja kwa koni, weka wanne kwa wanne, magoli madogo, kila mtu mshambuliaji na kila mtu beki. Siku niliyoupanga uwanja wetu hivyo kwa mara ya kwanza, nyuma ya goli hapakuwa na mtu. Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa ameshachoka na kukaa kwenye kiti cha plastiki, alitazama zoezi lote bila kusema neno, kisha akaniuliza koni zinauzwa wapi.

Wasichana waliingia kwa mlango huo. Zamani walikuwa hata nyuma ya goli hawapo. Walipita na madumu ya maji wakitazama kwa pembeni. Kituo cha Football for Hope cha Kimisagara kilichanganya wavulana na wasichana, na majirani wakazoea. Grace Nyinawumuntu alipuliza filimbi, akafundisha timu ya taifa ya wanawake, kisha akapewa usimamizi wa ufundi katika akademi ya PSG, klabu ya Paris. Januari 2022 Salima Mukansanga alichezesha mechi ya Kombe la Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Wiki ile akina mama waliniletea mabinti zao bila kuombwa.

Sasa tuna mambo makubwa. PSG ilifungua akademi Huye, na mwaka 2022 watoto wake wa chini ya miaka 13 walitwaa jijini Paris kombe la akademi za klabu hiyo za dunia nzima. Bayern Munich wakafuata mwaka 2023. Uwanja mkubwa wa Nyamirambo, uleule wa Karamira, ulipewa jina la Pelé Machi mwaka huohuo. Nafurahia yote haya bila kinyongo. Lakini mjini zimeota pia akademi za kulipia kila mwezi, na viwanja vya wazi tulivyochezea vimejengwa nyumba, au vimetandikwa nyasi bandia na kuanza kukodishwa kwa saa. Jioni, kwenye uzio wa waya, wanasimama watoto wa Biryogo wasio na ada, vidole vimeshika matundu, wakiwarudishia wenzao mpira unapovuka.

Nawaomba wenye viwanja saa mbili tu, mara tatu kwa wiki, bila malipo, kwa watoto wasio na timu. Koni ninazo, na vijana niliowafundisha zamani wamekubali kuja kusaidia.