Picha Mbili, Sauti Moja

Wadau, leo naomba tuongelee luninga. Vipindi vyake mnavijua kuliko mimi, kwa hiyo nataka tulitazame lidude lenyewe, lile la inchi 65 ambalo siku hizi limejaa ukuta mzima hata kwenye sebule ambazo kochi lake bado linadaiwa. Hasa ule ufundi wake wa kugawa kioo katikati, kushoto kipindi hiki na kulia kipindi kile, vyote kwa wakati mmoja. Wauza luninga wa Kariakoo wanakunadia jambo hilo kama dawa ya ndoa. Baba na chake, mama na chake, rimoti inapumzika mezani.

Kuna kitu hawakuambii pale dukani. Kioo kinagawanyika, spika hazigawanyiki. Picha zinakuja mbili lakini sauti lazima ichaguliwe moja, na aliyepewa sauti ndiye mwenye luninga. Yule mwingine kapewa dirisha tu la kuchungulia.

Ufundi wenyewe si wa jana. Inatajwa kwamba mara ya kwanza watangazaji kuchomeka picha ndogo ndani ya picha kubwa ilikuwa kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, walipotaka watu waone mwenge kwa karibu huku uwanja mzima ukiendelea kuonekana. Nikikumbuka mwaka huo huwa nacheka kicheko kichungu kidogo. Sisi Tanzania hatukuwa kwenye picha kubwa wala ndogo, kwa sababu nchi nyingi za Afrika zilisusia mashindano hayo kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, mtu aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu Christchurch 1974, akabaki nje, na John Walker wa New Zealand hiyo hiyo akachukua dhahabu. Baba yangu akianza kuisimulia hiyo habari chakula kinapoa.

Na huyo baba ndiye chanzo cha makala hii. Alistaafu ualimu, akalipwa mafao yake, akanunua luninga. Sisi watoto tulikuwa na mawazo mengine kuhusu zile fedha (kuna paa la jiko linavuja hadi leo), ila mzee alikuwa na hoja. Alikuwa mtu mzima tayari Bara tulipopata vituo vyetu vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu 1973. Akasema amesubiri vya kutosha. Akanunua kubwa, na akanunua inayogawanyika, kwa sababu taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa inagongana na tamthilia ya Kituruki ya mama, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili.

Fundi akaja Kimara akafunga kila kitu. Kushoto king'amuzi kipya, kulia king'amuzi cha zamani kupitia zile waya za njano, nyekundu na nyeupe. Sauti ikakaa kushoto. Hakuna kikao kilichoamua hivyo, ilitokea tu, kama mambo mengi ya majumbani yanavyotokea. Mama alinunuliwa visikizio vya masikioni akavitumia siku mbili, akasema vinamuuma na isitoshe hasikii kama ugali unaungua. Basi akawa anaangalia tamthilia bubu.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mama anasoma nyuso. Huyu kalia, basi kafumaniwa. Yule kafunga mlango taratibu, basi ana siri. Kesho yake asubuhi anamsimulia jirani kisa kizima, jirani anabaki mdomo wazi kwa sababu yeye aliitazama kwa sauti na hakukuwa na fumanizi lolote. Mama hababaiki. Anasema yake imekaa vizuri zaidi.

Mimi napanga Sinza na kazi ya gazeti haina Jumapili, kwa hiyo nyumbani huwa nafika kwa kudokoa. Ilinichukua muda kugundua kilichopungua. Zamani, kwenye kale kaluninga ka mgongo, mama alikuwa anakaa na baba kwenye habari anauliza maswali: huyu waziri si ndiye yule wa kule? Na baba anajibu kwa kirefu, kimwalimu, mpaka hali ya hewa. Ikifika zamu ya tamthilia baba anajifanya anasoma gazeti, lakini mhusika akikosewa jina ndiye wa kwanza kurekebisha. Walikuwa wanazungumza, tena kwa saa mbili nzima kila siku, kwa kisingizio cha kitu kilicho mbele yao. Nikapiga simu jioni moja nikamuuliza mama kama mzee yupo. Akajibu, "Yupo, tuko naye hapa. Kila mtu na nusu yake."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi ndiye niliyekaa na hiyo sentensi kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Nikaanza kusoma soma (ugonjwa wetu wanahabari, ukiumia unatafuta maktaba). Nikakuta kwamba mwaka 1975 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ulric Neisser na Robert Becklen, walifanya karibu kile kile alichofanya fundi wetu wa Kimara. Walichukua picha za michezo miwili, mmoja wa watu wawili wakipigana makofi ya mikononi na mwingine wa watu wakirushiana mpira, wakazionyesha moja juu ya nyingine kwenye kioo kimoja. Watu waliweza kufuata mchezo mmoja bila taabu, ingawa ule mwingine ulikuwa pale pale mbele ya macho yao. Walipoambiwa wafuate yote miwili, wakashindwa vibaya. Na wakiwa wanafuata mmoja, vituko vilivyotokea kwenye ule mwingine viliwapita. Ni ukoo mmoja na lile jaribio maarufu la mwaka 1999 la Daniel Simons na Christopher Chabris, ambapo watu wanahesabu pasi za mpira halafu mtu aliyevaa kama sokwe anapita katikati, na karibu nusu ya watazamaji hawamuoni. Kumbe jicho kuelekea mahali si kuona. Kichwa chako nacho kina spika moja.

Sasa, kuna watu wanaojua hili kuliko wanasaikolojia wote, nao ni wateja wa kibanda umiza. Mle ndani luninga mbili zinawekwa ubao mmoja, mechi mbili kwa mpigo, na siku ambayo lazima ifanyike hivyo ni siku ya mwisho ya makundi ya Kombe la Dunia. Na hiyo mechi mbili kwa saa moja imeletwa na Mwafrika aliyedhulumiwa, naomba vijana mlijue hili. Mwaka 1982 kule Hispania, Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi 2-1, jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu za mtu. Wakamaliza mechi yao ya mwisho tarehe 24 Juni kwa kuwafunga Chile 3-2. Kesho yake, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua matokeo yote: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita na Algeria anarudi nyumbani. Horst Hrubesch akafunga mapema, kwenye dakika ya kumi hivi, na baada ya hapo watu ishirini na mbili wakapasiana mpira kama wanaosubiri basi. Mashabiki wa Algeria wakawa wanawapungia noti za fedha kutoka jukwaani. Kuanzia Kombe la 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana Ijumaa ya tarehe 2 Desemba 2022, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa Kimara mbele ya nusu mbili. Kushoto Ghana na Uruguay. Kulia Korea Kusini na Ureno. Kingʼamuzi cha zamani hakikuwa na ile mechi ya kulia, hivyo tukaunganisha simu ya mdogo wangu wa kike kwenye luninga, picha ikaja, bila sauti kama kawaida ya upande ule. Baba akakaa upande wake. Mama, ambaye jioni hiyo alikuwa amenyang'anywa hata ile tamthilia bubu, akakaa upande wake vile vile. Mazoea.

Kwa nini Ghana na Uruguay ni zaidi ya mechi, sidhani kama kuna haja ya kueleza sana. Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa ziada, Luis Suárez anaudaka mpira kwenye mstari kwa mikono kama kipa. Kadi nyekundu, penalti, Asamoah Gyan anapiga mtambaa panya. Ghana wanatolewa kwa matuta, na hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali. Nilikuwa shule ya msingi, nilitoroka kwenda kibandani usiku ule, na niliwaona wanaume wazima wakitoka mle ndani hawataki kuangaliana.

Kwa hiyo miaka kumi na miwili baadaye Ghana wanapata penalti mapema na André Ayew anakosa, kipa Rochet kaudaka. Baba akanyamaza. Dakika ya 26 De Arrascaeta anafunga. Dakika ya 32 anafunga tena. 2-0, na Suárez yumo ndani ya yote. Baba akasema anaenda kuswali, hakwenda. Kwa hesabu ilivyokuwa, Uruguay wanapita, labda Korea wapate bao jingine kwa Ureno, na kule kulia ubao ulikuwa 1-1 tangu dakika ya 27.

Na hapo ndipo mama alipoanza kuongea. Saa nzima alikuwa anaufuata ule upande usio na sauti, upande ambao sisi wote tulikuwa tumeusahau, na yeye ni mtaalamu wa pande zisizo na sauti. "Huyu mwenye kinyago cheusi amechoka lakini hajakata tamaa," akasema. Alikuwa anamsema Son Heung-min, aliyecheza na barakoa kwa sababu alivunjika mfupa karibu na jicho mwezi mmoja kabla. Mama hakujua jina wala hakuliuliza. Baba akamuuliza, "Wanashambulia?" Akajibu, "Wanajikusanya."

Dakika tisini zikafika. Ghafla mtaa mzima ukalipuka. Kelele kutoka kibandani, kwa jirani, kwa muuza chipsi. Tukatazama kushoto, hakuna bao. Tukatazama kulia, bado 1-1. Mnajua wenyewe picha ya intaneti inavyochelewa nyuma ya dishi. Kwa hiyo tukawa tunajua kwamba bao limeingia, tunajua limeingia wapi, lakini halijaingia kwetu. Familia nzima ikahamia nusu ya mama. Sidhani kama nimewahi kutazama kitu kwa makini namna ile. Korea wanaokoa mpira wa kona, mwenye kinyago anauchukua, anakimbia nao uwanja karibu wote, mabeki watatu wanamzonga, anasimama, na mama anasema polepole, "Mpe mwenzio." Akaupitisha katikati ya miguu ya beki. Hwang Hee-chan, bao, shati likavuliwa, kadi ya njano juu.

Baba alimshika mama bega akasema, "Umejuaje?"

Uruguay na Korea wakalingana pointi na tofauti ya mabao, Korea wakawa wamefunga mengi zaidi. Uruguay walihitaji bao moja tu na Ghana, ambao wao wenyewe walishatoka, wakawazuia kama wanaocheza fainali. Suárez alikuwa ameshatolewa, kakaa benchi analia. Kule kulia Wakorea wamemaliza yao, wamesimama duara katikati ya uwanja wameinamia simu, wanaangalia mechi ya kushoto. Nilipowaona nikacheka kwa sauti. Wachezaji wa Kombe la Dunia, na wao wana nusu mbili.

Najua kuna watakaoniambia ni roho mbaya, timu ya Afrika imetoka halafu mnashangilia. Sawa. Muulizeni aliyekuwa kibandani 2010.

Filimbi ilipolia saa mbili ilikuwa inakaribia. Baba akaondoa mgawanyo wa kioo, habari zikajaa ukuta mzima, na mama akauliza kuhusu kiongozi fulani aliyeonekana anakata utepe. Jibu lilichukua muda kuliko habari yenyewe. Mdogo wangu alikuwa analalamika pembeni kwamba bando lake la mwezi limekwisha kwa mechi moja, na wote wakageuka kunitazama mimi mwenye mshahara. Nikanunua.

Jumatatu nusu zilikuwa zimerudi, nilithibitishiwa. Lakini nilipopiga simu Jumatano saa mbili na robo, mama alipokea akasema nisubiri kidogo, na nyuma yake nikasikia Mturuki mmoja anagombana na mkwewe kwa Kiswahili safi, sauti imejaa nyumba nzima. Nikauliza mzee yuko wapi na habari zake.

"Yupo hapa," akasema mama. "Leo yeye ndiye mwenye picha."