Wastani

2 Septemba
Utabiri wa vuli umefika. Nimeusoma redioni kama ulivyo: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Jioni jirani yangu, mama mwenye shamba bondeni, ananiambia roho yake imetulia. Mvua za wastani, yaani za kiasi, hazitamsombea mahindi. Nilishindwa la kusema. Kwetu wastani ni kitu kisicho na makali: mshahara wa wastani, pilipili ya wastani. Kwa watu wa hali ya hewa ni hesabu ya miaka 30. Nimetangaza kipindi cha wakulima miaka yote hii, leo ndiyo naligundua!

5 Septemba
Elinino nayo vivyo hivyo. Hapa ni jina la mvua yenyewe, ile ya 1997 iliyoingia hadi 1998. Ukimwambia mtu ni joto la bahari ya Pasifiki, anahisi unamkwepa.

9 Septemba
Chini ya mkwaju na wakulima, kibuyu na maharage 30, kila punje mwaka mmoja. Kumi mekundu ya ukame, kumi ya njano ya wastani, kumi meusi ya mvua nyingi. "Bahari ikipata joto kule, huku kibuyu kinabadilika," nikasema, nikatoa mekundu matano na kutia meusi matano. (Mfano wangu, si takwimu za utabiri, nililisema hilo mara mbili.) Nikamwomba yule mama achote moja bila kuchungulia.

Akatoa jekundu.

Vicheko! "Bwana, utabiri wako umekufa." Nilitokwa jasho. Kumbe mama hakucheka. Aligeuzageuza ile punje kiganjani. "Mekundu bado yamo," akasema. "Basi mahindi nitapanda, ila mtama kidogo sitauacha." Sijawahi kueleza uwezekano vizuri hivyo.

Wakati wa kutawanyika mzee mmoja akaniuliza hiyo miaka 30 ni ipi. Nikamjibu: 1991 hadi 2020. Akaguna. "Mimi nililima kabla ya hapo. Kibuyu changu kilikuwa kingine."

Swali hilo ndilo tabianchi yenyewe, na kwenye kipindi changu halijawahi kupewa hata dakika moja.

10 Septemba
Nimehesabu maharage ya kibuyuni kabla ya kuyarudisha jikoni. Yako 29. Jekundu moja limeondoka kwenye pindo la khanga ya mtu.