Saa Saba Zilizokuwa Kumi na Tano

Ndugu yangu mdogo aliondoka Embakasi mwezi wa Januari 2019 kwenda kusoma Marekani. Alipanda eropleni ya Kenya Airways iendayo New York bila kutua njiani, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018. Tikiti yake ilionyesha kwamba ataondoka karibu na saa sita za usiku na kufika saa kumi na mbili na nusu za asubuhi. Mama yetu, akaaye Kaloleni, akaniuliza mwanawe atakuwa angani muda gani. Nami, karani nishindaye na tarakimu, nikamjibu kwa kiburi: "Saa saba tu, Mama. Kabla hujamaliza chai atakuwa amekwisha piga simu."

Chai hiyo haikunyweka. Saa moja ikapita, saa tatu ikapita. Saa nne jirani alinipigia simu afisini, akasema Mama ameketi mlangoni, kanga kichwani, na wanawake wa mtaa wameanza kukusanyika kama kwenye matanga. Nikaomba ruhusa, nikatoka mbio.

Ndani ya matatu ndipo nilipoikumbuka Jiografia niliyofundishwa katika shule ya misheni. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Saa za Kenya zafuata digrii 45 mashariki ya Greenwich. Za New York, wakati wa baridi, digrii 75 magharibi. Jumla ni digrii 120, yaani saa 8. Basi asubuhi yao ya saa kumi na mbili na nusu ni saa nane na nusu ya mchana kwetu, na safari ni ya saa 15. Tena njia yenyewe ni maili 7,300 na zaidi: kwa hesabu yangu ya jana, eropleni ile ingalikimbia maili elfu moja na ushei kwa saa! Kumbe hata pepo za juu, zivumazo kutoka magharibi, huichelewesha wakati wa kwenda.

Nilimweleza Mama hayo yote. Akasema, "Na ile ya jana pia ilikuwa hesabu."

Sikuwa na jibu. Nikaketi karibu naye. Mzee mmoja jirani, kwa kutaka kututuliza, akasimulia habari za wanafunzi 81 waliokwenda Marekani kwa ndege Septemba 1959 kwa juhudi za Tom Mboya. Wazazi wa siku zile, alisema, walingojea barua kwa majuma mengi, na walivumilia, maana hakuna mtu aliyewaahidi saa. Nadhani aliniambia mimi zaidi kuliko Mama.

Saa tisa kasorobo simu ikalia. Mama hakuuliza habari za New York wala za baridi. Aliuliza kama amekula, kisha akauliza huko ni saa ngapi. Alipoambiwa kwamba jua bado halijachomoza, alinitazama kwa muda, akaagiza chai.