Ndoana namba kumi

Kuna watu hapa Kenya ambao kazi yao ni kufunga wadudu bandia. Nyoya kidogo, uzi kidogo, ndoana, na kitu kinachofanana na nzi kinasafirishwa hadi Marekani na Uingereza, ambako mtu mwenye wikendi yake anakitupa mtoni kumdanganya samaki. Biashara hiyo ipo tangu enzi za walowezi. Na si lazima anayefunga awe amewahi kuvua.

Nawaelewa. Tangu karo inishinde nikiwa mwaka wa tatu na nirudi nyumbani Keringet, ninakula kwa kuandika makala za watu mtandaoni: magodoro, bima ya mbwa, viatu vya kupanda theluji. Mwaka jana ikaja moja ya fimbo bora za kuvulia kwa wanaoanza. Dola 20. Fimbo ya bei rahisi kabisa kwenye orodha ile ilizidi malipo ya makala yenyewe. Niliituma, nikalipwa, nikanunua unga na tokeni za stima. Lakini swali lilibaki kichwani: mtu anayeanza kweli, huku kwetu, bila pesa, anahitaji nini?

Sababu haikuwa udadisi tu. Kazi zilianza kupungua, na mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi mboga ya jioni.

Jirani yetu ana dimbwi. Huenda unakumbuka, mwaka wa 2009 serikali ilianza kuchimbia watu vidimbwi vya samaki, 200 katika kila eneo bunge kwa maeneo bunge 140. Kimbelembele cha samaki kilishika nchi nzima. La jirani lilichimbwa miaka hiyo, kisha msisimko ukaisha na nyasi zikaota kingoni. Samaki hawakuisha. Shida ni kwamba Keringet ni juu, zaidi ya mita 2,000, asubuhi unaona pumzi yako, na tilapia ni samaki wa joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakaribia kuacha kukua. Maji yakipata joto anazaa, kwa hivyo dimbwi linajaa samaki wengi wa ukubwa wa kiganja wanaogombania chakula kilekile.

Hapo ndipo vifaa vinapojichagua vyenyewe. Samaki mdogo ana mdomo mdogo. Dukani, anayeanza huchukua ndoana kubwa kwa sababu inaonekana ya maana. Na namba zake zinachanganya, maana zinaenda kinyume: namba 2 ni kubwa, namba 12 ni ndogo. Mimi nilinunua namba 10 nne, na roli ya uzi wa nailoni mwembamba, huko Molo. Jumla shilingi 140. Nauli ilinigharimu zaidi, lakini nilikuwa nimetumwa dawa ya ng'ombe hata hivyo.

Vingine havinunuliwi. Ufito ulikuwa wa mwanzi, ule Wakipsigis huuita tegat. Usiingie msitu wa Mau na panga kuutafuta, utakutana na walinzi. Muulize mwenye nao shambani. Chagua mwembamba wa kama mita 3, uuning'inize darini wiki mbili ukauke ukiwa umenyooka, la sivyo utakuwa mzito na utajipinda. Uzi usiufunge kwenye ncha pekee. Anza kuufunga karibu na mkono, uupandishe ukiuzungusha, ndipo uukaze nchani. Ncha ikivunjika, samaki bado ni wako. Na uzi unaoning'inia usizidi urefu wa ufito, maana hakuna gurudumu la kuukunja.

Boya ni kipande cha patipati kuukuu, kimetobolewa katikati. Chubwi ni nati ndogo ya baiskeli, ifungwe kiganja kimoja juu ya ndoana. Chambo ni nyungunyungu, na kwenye boma la ng'ombe wa maziwa hao hawakosekani, fukua tu ukingo wa samadi. Wakikosa, ugali uliokandwa ukakaza.

Fundo ndilo lililonisumbua. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uuzungushe juu yake mwenyewe mara tano, urudishe ncha kwenye kitundu kilichobaki karibu na ndoana, ulowanishe kwa mate, uvute polepole. Mate si uchawi. Nailoni ikivutwa kavu inapata joto na kudhoofika. Kijino cha ndoana nilikibana kwa koleo kikalala, kwa sababu mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa binamu yangu wa miaka 11, na ndoana isiyo na kijino inatoka kwenye kidole bila safari ya hospitali.

Ufito mrefu ulikuwa kwa ajili yake pia. Kingo za dimbwi lile ni matope yanayoteleza, na yeye haogelei. Mita 3 za mwanzi zinamruhusu kusimama kwenye nyasi kavu. Makala yangu ya dola 20 haikusema hilo popote. Ilisifu vishikio vya mpira.

Ilisema pia uende alfajiri, kama wanavyosema wote. Huku alfajiri tilapia wamelala kwa baridi. Tuliambulia baada ya saa tano, jua likishapasha maji ya juu.

Mwenye dimbwi alitupa sharti moja: "Mkileta neti ya mbu, msirudi." Ana haki. Neti inabeba hadi vifaranga. Ndoana inachukua mmoja mmoja, na kwa dimbwi lililojaa hivyo, kupunguza ni kulisaidia.

Kuna pia trauti, samaki wa mzungu. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na Ewart Grogan, yakawekwa mto Gura kule Aberdare, na baadaye mito ya Mau kama Kiptiget nayo ikapata wake. Huyo anapenda baridi yetu, lakini mto si dimbwi la jirani: uliza ofisi ya uvuvi kwanza. Sijafika huko.

Kogo wangu hali samaki. Kwake ni nyoka aliyeenda shule. Mama naye siku ya kwanza aliniangalia nikikanda ugali wa chambo akasema, "Masomo ilikushinda, sasa unalisha maji?" Sikujibu. Nilirudi saa tisa na samaki kumi na mmoja, watano tukampa mwenye dimbwi. Sita waliobaki walikaangwa na nyanya na kitunguu, miiba mingi, nyama kidogo, na sufuria ya ugali ikaisha. Mama alikula akiwa amesimama, kama mtu ambaye hajakubali bado.

Tangu hapo tunaenda Jumamosi, na siku nyingine kazi isipokuja. Zamu ya mwisho ndoana moja ilinasa mzizi ikakatika, tukabaki na mbili. Jana usiku mama aliweka noti ya mia mezani kando ya laptopu, akasema nikipita Molo nimletee sabuni ya kufulia, na kama chenji itabaki, ndoana. Akauliza ni namba gani, ili asije akaniagizia kubwa.