Enzi ya Petroli ya Miwa

Kati ya mwaka 1983 na 1993, petroli iliyouzwa Nairobi ilikuwa na Muhoroni ndani yake. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, kilichoanzishwa hapa kwetu Muhoroni mwaka 1978, kilichukua molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa, kikaichachusha na kuichemsha mpaka ikatoa ethanoli kavu isiyo na maji. Ethanoli hiyo ilipelekwa Nairobi ikachanganywa na petroli kwa kiasi cha asilimia 10, na mchanganyiko ukaitwa gasoholi. Sisi tuliokulia katika harufu ya molasi tulijivunia jambo hilo waziwazi. Baba zetu walikata miwa, wakaipakia kwenye trela, wakaisaga, na magari ya mji mkuu yakatembea.

Nikikumbuka enzi hiyo, kinachonijia kwanza ni pikipiki moja ya mbio, Yamaha RD 350, ya mhandisi kijana aliyekuwa akifanya kazi mjini kwetu. Pikipiki wakati huo zilikuwa chache. Afisa wa kilimo alikuwa na yake, padri alikuwa na yake, basi. RD ilikuwa kitu kingine kabisa: silinda mbili, injini ya stroku mbili, cc 347, na kabureta mbili za Mikuni, kila silinda na yake. Ilipovuka reli kuelekea Koru wenye maduka walitoka nje kuitazama. Na ilipoanza kukohoa, mji mzima ulijua.

Mhandisi alikuwa na desturi ya kurudi kutoka Nairobi na gasoholi ndani ya tangi, kisha anaiegesha pikipiki wiki kadhaa wakati wa masika. Akiiwasha tena, silensa, yaani mzunguko wa injini isipopigwa resi, inapanda na kushuka. Akipiga resi, injini inasita kidogo, kana kwamba haijasikia, halafu inaruka mbele kwa nguvu asiyoitarajia. Kwenye kona za kupanda Fort Ternan hilo si jambo la mchezo.

Aliipeleka kwa mzee tuliyemwita Jaduong', fundi aliyejifunzia injini kwenye matrekta ya miwa. Mimi nilikuwa kijana wa kushika spana.

"Mafuta umejaza wapi, injinia?"

"Nairobi, mzee."

"Basi plagi tuiache kwanza. Nifungulie tangi."

Alimimina mafuta kwenye chupa ya jemu iliyooshwa vizuri, akaiweka juani, akaendelea na kazi nyingine. Tuliporudi kuitazama, ndani mlikuwa na mstari. Juu petroli, chini kimiminika cheupe kilichotulia peke yake. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani na kuyabeba, na mradi ni machache huoni kitu. Yakizidi, maji na ethanoli huachana na petroli na kuzama pamoja. Koki ya tangi iko chini, kwa hiyo kitu cha kwanza kabureta inachonyweshwa asubuhi ni hayo maji.

Hilo lilikuwa nusu ya ugonjwa. Alipofungua bakuli la kabureta tulikuta tope la kahawia. Tangi hilo lilikuwa limetumia petroli tupu kwa miaka, likajijengea utando ndani, na ethanoli ilipoingia ikauosha wote na kuushusha kwenye jeti. Jeti ndogo, ile inayolisha injini resi ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo tu, ina tundu jembamba kuliko unywele wa ufagio. Jaduong' aliiinua kuelekea jua akaitazama kwa jicho moja. Hakuruhusu mtu kuingiza waya, kwa sababu waya hupanua tundu na jeti haiwi tena ile iliyotoka kiwandani. Alitumia uzi wa nailoni wa wavuvi, kipande kilicholetwa kutoka ufuoni Kisumu, akaupitisha taratibu, akapuliza kwa mdomo, akatazama tena.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine tangu hapo. Alivua mipira ya chujio la hewa, akaingiza kidole kimoja katika mdomo wa kila kabureta, akafumba macho, akaniambia nivute resi polepole, polepole sana. Alikuwa akisikiliza kwa vidole slaidi ipi inaanza kupanda kabla ya mwenzake. Ya kushoto ilitangulia kwa kiasi ambacho jicho halingekiona. Akarekebisha waya, akaniambia nivute tena, akarekebisha tena, mpaka zikanyanyuka kwa pamoja. Injini ya silinda mbili ambayo upande mmoja unapata mafuta kabla ya mwingine haiwezi kuitika vizuri, hata ukiibadilishia kila kitu kingine.

Mwisho aliinua sindano ya kabureta kwa kushusha kibanio chake ngazi moja. Sababu yake niliielewa miaka mingi baadaye. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, na kilo moja ya ethanoli huhitaji kama 9 tu, maana tayari ina oksijeni ndani yake. Ukitia gasoholi kwenye kabureta iliyopangiwa petroli tupu, mchanganyiko unapungukiwa mafuta, injini inachemka, na kwenye stroku mbili pistoni inaweza kuyeyuka. Kabla ya kufunga alimuuliza mhandisi kama hupanda Nandi Hills mara kwa mara. Muhoroni iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Nandi Hills imepita mita 2,000, na huko juu hewa ni nyepesi. Kabureta haina njia ya kulijua hilo. Inamwaga mafuta yaleyale na injini inasongwa. Kwa hiyo lazima uchague unaipangia bonde au mlima, na Jaduong' alitaka mwenye pikipiki achague mwenyewe.

Gasoholi ilikoma mwaka 1993, hesabu ya bei ilipokataa kumlipa mzalishaji. Mwaka 2001 kampuni ya sukari ya Muhoroni ikawekwa chini ya mrasimu, na wengi wa rika langu wakatawanyika. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na boda boda zikajaa barabara zote hadi ndani ya mashamba ya miwa. Siku hizi ethanoli ya hapa inaishia zaidi kwenye vileo. Sipiti mbele ya kiwanda kile bila kuumia kidogo.

Mpwa wangu ana KTM Duke 200, pikipiki ya mbio ya kizazi chake. Haina kabureta. Injekta inarusha mafuta kwa amri ya kompyuta, na sensa inapima mgandamizo wa hewa, hivyo anapanda kutoka Chemelil hadi Nandi Hills na injini inajirekebishia yenyewe njia nzima. Naipenda pikipiki hiyo kwa dhati. Nilipoiendesha mara ya kwanza nilitamani Jaduong' angekuwa hai aione ikiitika.

Lakini mwaka jana ikaanza kusita vilevile kama RD. Akifungua resi ghafla, inameza pumzi, kisha inashtuka. Aliipeleka kwenye gereji moja mjini Kisumu yenye mashine ya kusomea hitilafu. Wakambadilishia plagi, kisha sensa ya resi, na bei ya sensa hiyo ilikuwa mshahara wa mwezi mzima kwake. Ikatoka vilevile. Nilipomwuliza kama kuna aliyemuuliza anakojaza mafuta, akanitazama tu.

Tulifungua tangi nyumbani. Pampu ya mafuta imo ndani yake, na chini yake kuna chujio. Lilikuwa limevaa koti la uchafu mweusi. Pampu ilikuwa ikivuta kwa shida, presha ikawa inatosha kwenye silensa na mwendo wa taratibu lakini inashuka resi inapofunguliwa ghafla. Mashine ya gereji haikuona kosa kwa sababu sensa zote zilikuwa nzima. Nikatia mafuta kidogo kwenye kiganja. Petroli safi hupotea mara moja na kuacha ubaridi. Hayo yaliacha mafutamafuta na harufu ya kandili. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta taa ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kuukomesha, lakini yupo bado muuzaji wa kando ya barabara anayejua njia zake. Chujio jipya, tangi likaoshwa, kituo kikabadilishwa, na Duke ikarudi kuwa Duke.

Siwalaumu vijana wa gereji. Wamefundishwa kuanzia kwenye waya, na mara nyingi waya ndiyo yenye shida. Kinachonisikitisha ni kwamba mashine imekaa mahali pa yale maswali ya kwanza: umejaza wapi, imeegeshwa muda gani, unapanda mlima upi, chujio la hewa lilifunguliwa lini. Hapa kwetu hilo la mwisho si dogo. Shamba la miwa likiungua, majivu yanaelea mji mzima, na chujio la hewa lililoziba huifanya injini isongwe na mafuta hata kama kila jeti ni safi.

Na mara kwa mara huzuka mazungumzo kwamba tuchanganye tena ethanoli kwenye petroli ya nchi. Ningefurahi kuliko watu wengi. Duke ya mpwa wangu ingeweza kujirekebishia yenyewe kwa asilimia 10. Lakini boda boda nyingi zinazobeba watu kati ya Muhoroni, Awasi na Ahero bado zina kabureta, na matangi yake yamejijengea utando kwa miaka. Wiki ya kwanza ya mafuta hayo zitaanza kukohoa zote kwa pamoja, na waliowahi kuinua sindano ngazi moja kwa ajili ya petroli ya miwa karibu wote tumeshawazika.