Kongamano, Wakala na Kaunta Buku za Marehemu

Wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa ni watunzi hunipigia simu kila lisikikapo tangazo la kongamano la waandishi. Swali lao ni moja: Mwalimu, niende? Nauli ya basi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, malazi ya siku mbili na ada ya kushiriki si mzigo mwepesi kwa mtu anayeishi kwa ndizi na kahawa ya kihamba kimoja huku Kirua Vunjo. Nami huwarudishia swali: unakwenda kumtafuta nani? Jibu lake ndilo linaloamua kama nauli hiyo italeta faida au itapotea njiani. Nimeonelea niliandike hapa, wapenzi wa lugha walisome na walikosoe.

Miongozo ya uandishi inayotoka Uingereza na Marekani humshauri mwandishi aende kongamanoni kumtafuta wakala. Huyo ni mtu anayeupokea muswada, akauombea nafasi kwa wachapishaji, akajadili mkataba kwa niaba ya mwandishi, kisha akachukua, kwa kawaida, asilimia 15 ya mapato yake. Vijana wetu huyasoma hayo kwenye simu, wakafunga safari wakimtafuta mtu ambaye katika fasihi ya Kiswahili ni nadra kama theluji ya Januari pale Himo.

Sababu yake ni hesabu tu. Tuchukue mfano wa diwani inayouzwa shilingi 10,000, mrabaha wake ukiwa asilimia 10. Nakala 500 zikiisha zote, mshairi atapata shilingi 500,000. Wakala akikata asilimia 15 yake, atabaki na shilingi 75,000. Hakuna mtu atakayesoma miswada mwaka mzima, akasafiri na kubishana na wachapishaji kwa fedha hizo. Sisi wa mlimani tunalielewa jambo hili kupitia kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, kwa kuwa mkulima mmoja na debe lake hana sauti mbele ya mnunuzi. Lakini chama kile kiliweza kusimama kwa sababu magunia yalikuwa mengi. Ushairi haujazwi katika magunia.

Basi ni nani anayemfungulia mlango mtunzi wa Kiswahili? Siku hizi tuzo zimechukua sehemu ya kazi ya wakala. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na ikafungua mlango kwa miswada ambayo haijachapishwa. Hapa nyumbani tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Hata hivyo, historia inaonesha kwamba mlango mkubwa zaidi hufunguliwa na mwandishi mwenzako.

Mfano unaojulikana sana ni mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere, Kampala, mwezi Juni 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwanafunzi pale, akiitwa bado James Ngugi. Alimpa Chinua Achebe muswada wake ausome. Mwaka 1964 ukatoka kitabu, Weep Not, Child, katika mfululizo wa Heinemann ambao Achebe alikuwa mshauri wake. Achebe hakuwa wakala wala hakulipwa asilimia. Alikuwa mtunzi aliyetangulia kuvuka mto, akamnyooshea mkono aliyekuwa ng'ambo.

Lakini mkutano ule ulikuwa na kufuli. Ulikuwa wa waandishi watumiao Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Afrika Mashariki wakati huo, hakustahiki kiti, na mwezi huo huo wa Juni 1962 akaaga dunia. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulilalamikia jambo hilo katika Decolonising the Mind, mwaka 1986. Riwaya ya Shaaban, Kufikirika, ilichapishwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini. Nikilikumbuka hilo huwa sioni ajabu kwamba washairi wetu walijijengea makongamano yao wenyewe yasiyo na nauli. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwakutanisha watunzi wa pwani na wa bara, huyu akiuliza kwa beti na yule akijibu kwa beti. Kisha vikaja vyama. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Hakuzaliwa kando ya bahari, na hakuna aliyemwambia arudi kwao.

Nami nilipokwenda kongamanoni miaka michache iliyopita sikuubeba muswada wangu. Nilibeba kaunta buku tatu za marehemu mwalimu mwenzangu. Tulifundisha shule moja kwa miaka mingi, mimi Kiswahili, yeye hesabu. Aliacha mashairi 84 kwa mwandiko wa wino, bila hata moja lililopigwa chapa. Mjane wake alinikabidhi akisema, "Shemeji, panya wameshaanza kuyasoma kabla ya watu."

Mchapishaji wa kwanza niliyemwendea mezani kwake alinitaka nigharimie mwenyewe nakala 500, kisha nizibebe nikaziuze. Nilimshukuru nikaondoka. Anayetaka fedha za mwandishi ili atie wino kwenye karatasi ni mpiga chapa, na kazi yake ni halali. Ila asijiite mchapishaji.

Wa pili alikuwa mhariri, mama wa makamo, aliyesoma kurasa sita akiwa amesimama. Hakuniahidi kitu. Aliniuliza maswali mawili: mwenye haki ya kazi hii ni nani, na mashairi yamepangwa kwa utaratibu gani? Nikajifunza pale kwamba urafiki wangu na marehemu haukunipa mamlaka yoyote. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Warithi wake ndio wa kusema ndiyo au hapana. "Mwalimu, niletee barua ya familia," alisema, "ndipo tuzungumze."

Jioni yake nilikaa na mzee mmoja, mshairi kutoka Tanga. Alizighani beti za marehemu kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, mpaka akasita. "Mwalimu, hapa pamezidi." Mstari ulisomeka: Msafiri aliyekwenda, mlimani hakurudi. Tukahesabu pamoja. Kipande cha kwanza kilikuwa na mizani tisa, cha pili nane. Ukiandika "alokwenda" badala ya "aliyekwenda", mizani inakuwa nane kwa nane na mstari unasimama.

Hapo likazuka suala lililotunyima usingizi. Je, tuna haki ya kuusahihisha mstari wa mtu asiyeweza kutujibu? Mimi nilishikilia kwamba tuuache, kwa kuwa kumrekebisha marehemu ni kumsemea. Mzee hakubishana. Aliendelea kufunua kurasa, na katika kaunta buku ya pili akanionesha "alonena", "alofika" na "walokuja", zote kwa mkono wa marehemu mwenyewe. Rafiki yangu alikuwa mwalimu wa hesabu; hakuwa mtu wa kukosea kujumlisha nane. Aliandika kwa imla ya shuleni, lakini alighani kwa sikio la ushairi. Marekebisho tuliyoyafanya yalitokana na kalamu yake. Tulikubaliana pia kuwa neno la awali lielezwe katika utangulizi, ili msomaji aamue.

Hakuna wakala ambaye angenifanyia kazi ile, na mhariri mwenye miswada arobaini mezani asingekuwa na usiku mzima wa kuifanya. Mwenzio katika fani ndiye mwenye subira hiyo, nawe unadaiwa subira kama hiyo kwa kazi yake. Nilikesha usiku wa pili nikisoma utenzi wa mzee yule.

Nilirudi Kirua nikamweleza shemeji habari ya barua. Aliwaita watoto wake, wakajadiliana, wakatia sahihi. Kisha akaomba kaunta buku ya tatu, akatafuta ukurasa na kuuwekea kidole. "Hili lisitoke," alisema. "Hili ni langu." Sikulisoma. Muswada ulikwenda Dar es Salaam na mashairi 83, na hadi ninapoandika, mhariri bado hajatoa uamuzi.

Kwa hiyo, mwanangu unayeuliza kama uende, nenda ikiwa muswada wako umekamilika na umekwisha kusomwa na mtu asiyekuogopa. Jua majina ya wahariri wa mashairi kabla hujapanda basi. Chukua nakala, asili iache nyumbani. Ukipewa mkataba usitie sahihi palepale ukumbini. Rudi nao ukausome. Na jioni, wenzako wanapotawanyika, mtafute mtunzi mmoja mkae mghaniane.

Kama kijijini kwako kuna kaunta buku za mtunzi aliyetutoka, waendee wenye nazo wiki hii. Nakilini mashairi yote, muandike tarehe, na muipate barua ya familia wakati wanaomkumbuka wangali hai.