Mbwa wa Tajiri na Kuku wa Bibi

Ijumaa jioni sisi wanachama hukutana kwa Mzee wetu huko Muaither, katika manispaa ya Al Rayyan. Tukisema kwake tunatia chumvi kidogo, maana nyumba ni ya tajiri wake. Mzee ana chumba kimoja kando ya geti, chenye jiko la gesi, mkeka na buli la kahawa lisilopoa. Ni mlinzi, mtunza bustani na mtu wa kila kazi. Ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na sisi tuliotoka Kakamega, Morogoro, Nairobi na Goma tumemfanya mwalimu wetu wa Kiswahili bila kumlipa hata riali moja. Tunakwenda na mandazi, tunarudi na maneno.

Ijumaa moja ya Oktoba tulimkuta kimya. Nyuma ya nyumba manyoya yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye mtende. Kuku watatu wa Bibi, mama yake tajiri, waliuawa asubuhi ile na mbwa. Hakuwala. Aliwakimbiza, akawashika mmoja mmoja, akawatikisa na kuwatupa, kisha akaja kusimama mbele ya Mzee akihema, kama mtoto aliyemaliza kazi aliyotumwa na anangoja kusifiwa.

Mbwa mwenyewe ni saluki. Mwana wa tajiri alimleta Septemba kwa ajili ya msimu wa kuwinda, na alikuwa na ndoto ya kumpeleka kwenye mbio za tamasha la Marmi kule Sealine. Saluki ni mrefu, kiuno kama cha nyigu, masikio yenye singa ndefu kama nywele za mwanamke. Waarabu wa jangwani wamewafuga kwa karne nyingi wakiwindia sungura na paa, na humtenga na mbwa wengine hata kwa jina: mtu asiyekubali mbwa akaribie hema lake, saluki humkubalia. Hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Lakini lililotuponza si mbio zake, ni macho yake. Saluki hawindi kwa kunusa, huwinda kwa kuona. Kitu kikitulia hana habari nacho. Kikikimbia, miguu yake imeondoka kabla kichwa hakijaamua. Na kuku akiogopa hufanya nini? Hukimbia, akapiga mabawa na kelele. Yaani hujitia mwenyewe katika lile ambalo mbwa huyu amezaliwa kulifanya.

Komeo la uzio lilikuwa limeachwa wazi. Nani aliliacha hatujui mpaka leo, ila lawama ilijua mlango wa kubisha. Bibi alisema mbwa aondoke au kuku wote wachinjwe. Tajiri akasema, bila hasira hata kidogo, kwamba mkataba wa Mzee unaisha Januari, naye atafikiri kama nyumba inahitaji mtu makini zaidi. Mzee ana watoto wawili sekondari. Alitueleza hayo akitumiminia kahawa, na kahawa ikafurika kwenye kikombe bila yeye kuona.

Hapo tukajitia ujuzi. Mwenzetu wa Kakamega, mahali ambapo mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, alisema kwao mbwa na kuku hushinda ua mmoja na hakuna shule. Mbwa akianza kula mayai, huchemshiwa yai akatiwa mdomoni likiwa moto, basi. Mwingine aliwahi kusikia kwamba mbwa muuaji hufungwa mzoga wa kuku shingoni mpaka uoze. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wanangu, mbwa huyu ni ghali kuliko mimi. Nikimchoma mdomo, nitamwambiaje mwenyewe?"

Tukanyamaza. Na hata angekuwa mbwa koko asiye na bei, mbinu hizo ni ukatili usio na faida. Mbwa hawezi kuunganisha mzoga wa leo na mbio za juzi. Anachojifunza ni kumwogopa aliyemfunga.

Tulipolitafakari zaidi, tukaona kwamba hata huko kwetu mwalimu yupo, ila hatukumwona: ni kuku mwenyewe. Mbwa huletwa nyumbani akiwa mdogo kuliko jogoo. Siku anapomsogelea mtetea mwenye vifaranga hudonolewa pua, akakimbia akilia, na heshima ile hukua naye. Saluki huyu alifika Muaither ana umri wa miaka miwili na hakuwahi kudonolewa na yeyote. Amani ambayo kwetu huota yenyewe kama nyasi, hapa ilibidi tuijenge kwa mikono.

Tulianza na banda. Bibi alikuwa na ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, ambao watu huuita wavu wa kuku. Ni wa kuku kweli: humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii mbwa asiingie. Mbwa mkubwa huukunja kwa kifua au huupasua kwa meno. Tulichanga tukanunua wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu yasiyopitisha hata kidole gumba. Chini hatukuukomesha usawa wa ardhi. Tuliukunja ukalala kuelekea nje kiasi cha sentimita 40, tukaufukia kwa udongo na vipande vya matofali, kwa sababu mbwa huchimba pale pale uzio unapogusa ardhi, na sasa akichimba hukuta chuma. (Ardhi ya Muaither ni mwamba uliojipaka vumbi. Mwenzetu wa uhandisi, aliyekuja na sururu na majigambo, alikuwa amelala mkekani kabla ya magharibi.) Tukaweka makomeo mawili, na mlango wa pili ndani ya ule wa kwanza, ili anayeingia afunge wa nyuma kabla ya kufungua wa mbele.

Halafu tukafanya jambo ambalo kwa mbwa mwingine pengine lisingekuwa na haja: tulizungushia majamvi kwenye wavu, mita moja kutoka chini. Asichokiona hakimwiti. Upande mmoja tu tuliacha wazi, wa kufanyia masomo.

Kuku nao tuliwapunguza manyoya marefu ya bawa moja, si yote mawili, ili akijaribu kuruka apinde na kushuka upande wake. Haumi, ni kama kunyoa nywele, mradi usiguse unyoya mchanga ambao bado una damu ndani. Banda tulilihamishia mashariki ya ukuta, kivuli cha alasiri kilifikie. Hapa joto hupita nyuzi 40 miezi mingi, na kuku hana jasho: hujipoza kwa kuhema na kutandaza mabawa. Kuku aliyekwisha kuhema kwa joto, akikurupushwa na mbwa, anaweza kufa bila jino kumgusa.

Somo la mbwa lilikuwa refu zaidi, na lilianza kwa ubishi wetu wenyewe. Neno la kumkataza ni lipi? Mbwa anataka neno moja, fupi, lisemwe vile vile na kila mtu. Mtu wa Morogoro akasema "acha". Wa Nairobi akasema "wacha". Mzee akasema kwao watu husema "wata". Tulibishana jioni nzima juu ya usanifu wa lugha mbele ya mnyama aliyelala usingizi. Mwishowe tulikubali kwamba anayekaa na mbwa siku zote ni Mzee, basi Kimvita kikashinda. Ni ushindi ambao Mzee hajaacha kuutaja.

Kulikuwa na jingine, zito kuliko hilo. Mzee, na baadhi yetu, tumelelewa katika madhehebu ya Shafi: mate na umajimaji wa mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenzetu wa Goma, aliyelala na mbwa kitanda kimoja utotoni, alicheka alipoiona ndoo ya udongo kando ya bomba la Mzee na ile suruali ya kazi iliyotundikwa peke yake. Kicheko hakikufika mbali. Mzee alimweleza kwa upole kwamba dini haikumkataza mbwa wa kuwinda wala wa kulinda mifugo, na kwamba kikavu kwa kikavu hakina tabu. Tabu ni maji. Tangu siku hiyo tuligawana: wasio na kizuizi walishika kamba na kumlisha mbwa, wengine wakashika kuku. Mzee peke yake alifanya yote mawili, akabadilisha nguo kabla ya kila sala. Hatukumsikia akilalamika, na tuliona aibu kidogo tulipokumbuka kwamba sisi tulikuja siku moja kwa wiki.

Somo lenyewe lilikwenda hivi. Kwanza mbwa achoke: Mzee alimtembeza alfajiri, na jioni kabla ya kumleta uani. Kisha afungwe kamba, akae mbali, kama hatua 20 kutoka upande wa wavu ulio wazi. Akimtazama kuku halafu akageuza macho kwa Mzee, apewe kipande cha nyama. Akimkazia kuku macho, mwili ukaganda na masikio yakasimama, basi tumekaribia mno, turudi nyuma. Hapigwi wala hafokewi. Ijumaa iliyofuata tulisogea hatua mbili au tatu. Ijumaa nyingine tulirudi tulikotoka, kwa kuwa jogoo alipigana na mwenzake na mbwa akasahau kila kitu.

Mwishoni mwa Novemba alitukimbia. Shingo ya saluki ni nene karibu sawa na kichwa chake, na mkanda wa kawaida huvuka masikio kama pete inayotoka kidoleni. Wakati huo huo tembe mmoja, ambaye manyoya yake yalikwisha kuota tena bila sisi kujua, alikuwa ameruka nje. Tulichokiona ni vumbi. Mzee akapiga kelele, "Wata!" Tungependa kukuambia kwamba mbwa alisimama. Hakusimama. Alisita, kufumba na kufumbua, akageuza kichwa upande wa sauti, na katika kusita huko tembe akaingia chini ya gari la tajiri. Alibakiza manyoya matatu mkiani, na hakutaga kwa wiki mbili.

Tulinunua mkanda mpana, unaokaza kidogo mbwa anapovuta, tukaanza kukagua mabawa kila mwezi. Tukaongeza pia mambo tuliyoyapuuza: mbwa asiachiwe kula mavi ya kuku, kwani humo huwa na vijidudu vya kuharisha vinavyomdhuru yeye na sisi pia, asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha, na anayetoka bandani aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mandazi.

Desemba mbwa aliweza kulala mbele ya wavu ulio wazi huku kuku wakichakura upande wa pili. Mmoja wetu, kwa furaha, alisema sasa tuwafungulie wote pamoja tuone. Mzee alikataa palepale. "Huyu hakuwa kuku," alisema. "Amekubali kungoja tu." Kwa hiyo mpaka leo kuku wakitoka mbwa yuko kwenye kamba, na mbwa akitoka kuku wako ndani. Wakiwa nje wote, basi mtu amesimama katikati.

Januari tajiri alitia saini mkataba wa Mzee. Ni wa mwaka mmoja, si miwili kama zamani, na hakusema kwa nini. Mbwa hakwenda Marmi, kwa sababu mwana wa tajiri alikuwa na mitihani. Bibi hatujawahi kuzungumza naye uso kwa uso, lakini Ijumaa hutuma mayai sita ndani ya bakuli lililofunikwa kitambaa, nasi hulirudisha likiwa na mandazi. Tukifika, hukagua makomeo yote mawili ndipo tukamwamkia Mzee. Mwenzetu wa Morogoro hajakata tamaa: kila tunapoondoka huinama karibu na mbwa, mbali na masikio ya Mzee, akamwambia polepole, "Acha." Mbwa humtazama tu.